Sungura, Chuma na Mguu wa Wafula

Jumapili, Julai. Komarock.

Jua halijatoka leo. Ni manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi ya Julai inayoingia hata ndani ya soksi. Nguo nilizofua jana bado zinaning'inia kwenye kamba na maji yake yote. Siku kama hii kwa kawaida hunifanya ninune. Leo siwezi kununa hata nikilazimishwa.

Wafula amekubali.

Acha niandike tena ili niamini: ndugu yangu amekubali kurudi hospitalini watoe kile chuma mguuni mwake. Amekubali mezani, mbele ya Baba na Mama, bila kushikiwa fimbo na mtu. Mimi niliyemhubiria tangu Pasaka sikuwa na mchango mkubwa, na nitaeleza kwa nini, ingawa inanichoma kidogo.

Kwa aliyeingia humu bloguni kwa mara ya kwanza: Wafula ni mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Ana kibanda kando ya Barabara ya Kangundo ambako hutengeneza mageti na grili za madirisha. Mwaka jana aligongwa na pikipiki akivuka barabara, mfupa wa muundi ukavunjika vipande. Hospitalini wakauunga kwa bamba la chuma na skrubu. Tulishangilia. Alitembea, akarudi kazini, na mafundi wenzake wakamtania kwamba sasa hata yeye amechomelewa.

Kisha mguu ukaanza kuvimba. Pakafunguka kidonda juu ya muundi, kidogo tu, wiki hii kinatoa usaha, wiki ijayo kimekauka. Kila kinapotoa usaha Wafula hupitia duka la dawa, huuziwa vidonge, humeza mpaka kikauke, kisha huacha. Daktari wa mifupa alimweleza wazi kwamba vijidudu vimekaa kwenye chuma, chuma kitolewe na mfupa usafishwe, na akichelewa mfupa utaoza kiasi kwamba mguu wenyewe hautaokolewa. Katika maneno hayo yote Wafula alisikia moja tu, kwamba mguu hautaokolewa. Hakurudi kliniki tena. Mtaani alikuwa ameshaambiwa kuna jamaa wa Kayole aliyetolewa chuma akaamka hana mguu, na huyo jamaa, ambaye hakuna mtu amewahi kumwona kwa macho, ana nguvu kuliko daktari.

Mama alimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wafula akamjibu kwamba lake limeshavunjika, kwa hiyo sasa yuko huru.

Na ukimuuliza hali, jibu ni lile lile. "Niko fiti, siz."

Sijui nani alitulea hivi huku Eastlands. Mtu anakuuliza niaje, unasema poa, hata kama umetoka kuzika. Si uongo, ni adabu tu, maana anayeuliza naye anakimbilia kazini na hana muda wa kusikia habari zako zote. Lakini neno likishazoea mdomo hutoka lenyewe. Mara ya mwisho nilipompeleka kliniki, daktari alimuuliza mguu unaendeleaje, na Wafula, bendeji ikiwa imelowa usaha, akasema, "Fiti, daktari." Nilitamani kumkanyaga ule mguu mwingine, ulio mzima.

Sasa niseme kuhusu kazi yangu, jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa humu ndani.

Nyumbani wanajua nafanya kazi na sungura. Kwa kuwa sikuwahi kueleza vizuri, Mama aliamua kwamba nafuga. Kanisani huwaambia wenzake binti yake Nasimiyu ana mradi wa sungura, na kila Desemba kuna mama mmoja wa kwaya huniuliza kwa upole kama naweza kumletea wawili walionona. Mimi hucheka na kusema hawauzwi. Ni kweli, hawauzwi.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Kazini kwetu tunamwekea sungura kipande kidogo cha chuma ndani ya mfupa wa mguu, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, pamoja na vijidudu vile vile vinavyowatesa watu kama Wafula. Kisha tunatafuta njia ya kumtibu. Najua sentensi hizo zinavyosomeka. Nimeziandika na kuzifuta, na leo nimeamua ziachwe.

Mtu atauliza mbona tusitumie sahani za maabara. Tunazitumia, na kwenye sahani dawa nyingi hushinda. Ndani ya mfupa ulio hai mambo huwa mengine. Vijidudu vikishika chuma hujitengenezea utando, kitu cha utelezi kama ule unaoukuta ndani ya ndoo ya maji iliyokaa bila kusuguliwa. Unaweza kumwaga maji na kutia mengine, utelezi ukabaki pale pale. Dawa inayopita kwenye damu huua vijidudu vilivyo nje, usaha hukauka, mgonjwa husema amepona, na vile vilivyo chini ya utando husubiri. Mfupa, damu, chuma na mwili unaojitetea huwezi kuviweka vyote kwenye sahani moja. Ndiyo maana kuna sungura, na kwingine kuna panya, mbuzi na kondoo.

Kuna kamati ya maadili inayotuhoji vikali kabla hatujamgusa hata mnyama mmoja. Kwa nini hawa, kwa nini wengi hivi, na maumivu yao mtayatuliza vipi? Nashukuru kwamba ipo.

Nawapenda wale sungura. Hilo ndilo ungamo langu. Kazini wanajulikana kwa namba, lakini mimi nimewapa majina ya mitaa yetu: Umoja, Donholm, Dandora, Buruburu. Kariobangi ndiye mkorofi, ukimpa kisogo tu anapindua bakuli la maji. Siku moja mkuu wetu alinisikia nikimbembeleza Dandora ale, akajifanya hakusikia.

Kazi yangu kubwa ni kusoma maumivu. Sungura ni mnyama anayewindwa, na anazaliwa akijua kwamba anayeonekana mgonjwa ndiye hukamatwa kwanza. Akikuona mbele ya kizimba anatulia, masikio sawasawa, unaandika kwamba ni mzima na unaenda zako. Nilipoanza kazi niliandika hivyo kwa furaha. Daktari wetu wa wanyama ndiye aliyenivuta kando akaniambia nikae nyuma ya kioo, sungura asinione, kisha nimtazame uso. Nilikaa. Baada ya muda yule niliyemwandika mzima alifumba macho nusu, mashavu yakabonyea, pua ikachongoka, masikio yakalala nyuma. Tukimkuta hivyo anaongezewa dawa ya maumivu, na hali ikizidi anatolewa kabisa kwenye utafiti.

Basi Jumanne iliyopita nilitoka kazini mapema nikaenda kwa Wafula bila kumpigia simu. Kabla ya kuvuka barabara nilisimama kwa mama wa mahindi ya kuchoma, moshi ukinificha. Wafula alikuwa akizungumza na mteja. Alikuwa amevaa helmeti ya kuchomelea, kioo kimemfunika uso wote, na mashine ilikuwa imezimwa. Nikajiuliza huyu anafunga bei ya geti akiwa amejifunika uso kwa nini. Mteja akaondoka. Wafula akageukia ukuta, akainua helmeti.

Macho nusu. Mashavu ndani.

Nilimsoma kama ninavyosoma kila siku kazini, na mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta kalamu kabla sijakumbuka kwamba huyu ni ndugu yangu. Niliyaacha mahindi pale pale.

Nikavuka barabara, nikaharibu kila kitu. Mtu mwenye busara angeanza na pole. Mimi nilianza na mhadhara. Nilimwambia sungura wanaoachiwa chuma wakapewa dawa tu, usaha huwarudia, na wale wanaotolewa chuma, mfupa ukasafishwa na dawa ikawekwa pale pale, wengi hupona. Niliyasema hayo nikiwa nimeshika kiuno, mafundi wenzake wakisikiliza.

"Siz," akasema, "mimi si sungura wako."

Akashusha helmeti, akawasha mashine. Cheche zikaruka nami nikarudi nyuma. Nilikwenda nyumbani nikimwita mjinga kwa lugha zote tatu ninazozijua, na nilipofika nikalia, maana niliogopa. Nilijua kinachoendelea ndani ya mfupa ule. Nimeona picha za eksirei za mifupa iliyoliwa namna ile. Nikamwona Wafula kwa magongo, kibanda kimefungwa.

Leo ndipo mambo yalipogeuka.

Baada ya kanisa wazazi walikuja kwangu kula. Mama alininyang'anya jiko langu mwenyewe, akapika kuku, ugali na mrenda. Wafula alichelewa. Tulisalimiana kwa adabu ya watu waliogombana, akakaa na mguu ameunyoosha chini ya meza. Katikati ya chakula Mama aliomba chumvi, Wafula akainuka kuichukua. Ni hatua chache tu hadi jikoni. Baba, mstaafu wa reli na mtu wa maneno machache, alimtazama akienda na akamtazama akirudi.

"Wafula. Mguu?"

"Uko fiti, Baba."

Baba akaliweka tonge kwenye sahani.

Hapa lazima nieleze. Sisi ni Wabukusu, kwetu ni Bungoma. Mvulana wa kwetu hutahiriwa asubuhi, uani kwa baba yake, akiwa amesimama, amepakwa matope ya mtoni, na watu wote wanamkazia macho usoni. Hatakiwi kupepesa hata kope. Akikunja uso, aibu ni yake na ya ukoo mzima. Wafula alisimama vizuri mno. Nilikuwa pale upande wa wanawake, na shangazi zetu husimulia mpaka leo alivyotazama mbele kana kwamba anayekatwa ni mwingine. Miaka yote hii sikuwahi kuihusisha asubuhi ile na huu mguu. Aliyeihusisha ni Baba.

"Siku ile uliposimama," Baba akasema, "mimi nilikuwa nyuma yako. Mtahiri alipomaliza alipuliza filimbi. Wewe ukafanya nini?"

Wafula alishangaa kidogo. "Nikakaa."

"Nani alikukalisha?"

"Nyinyi. Mkanifunika shuka."

"Na ulipoingia nyumbani?"

Wafula akaitazama sahani yake. "Nililia, Baba."

"Ulilia. Kuna mtu alikucheka?"

"Hakuna."

"Basi filimbi ilipulizwa zamani, mwanangu. Mbona bado umesimama?"

Mama alikuwa ameshika kijiko cha mrenda hewani, hakitui wala hakirudi.

"Inauma," Wafula akasema. "Baba, inauma vibaya. Inauma nikitembea, inauma nikikaa. Hata nikilala, inauma tu."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akakunja suruali mpaka gotini ili tuone. Ngozi juu ya muundi ilikuwa nyekundu na inang'aa, na kidonda kilikuwa kimepanuka kuliko nilivyokiona mara ya mwisho. Mama aliangua kilio, akajinyamazisha mwenyewe, akaenda kuleta maji ya vuguvugu. Mimi sikusema neno. Wanaonijua watakubali kwamba huo ulikuwa muujiza wa pili wa siku.

Ni Wafula aliyenigeukia. "Haya, siz, nipe ile story ya sungura. Lakini pole pole, na usinishikie kiuno."

Nikamweleza. Nilianza na ndoo na utelezi wake, nikafika kwenye chuma chake. Alisikiliza akisugua kidole mezani kana kwamba anapima bati.

"Kumbe ni kama kutu," akasema. "Geti likishika kutu huwezi kupaka rangi juu tu. Lazima ukwangue kwanza. Hizo tembe zote mi' nimekuwa nikipaka rangi tu."

"Ndiyo."

"Na wakikwangua, mfupa utashikwa na nini?"

Nikamwambia wanaweza kumfunga vyuma vya nje mpaka mfupa ushikane.

"Kama grili ya dirisha?"

"Kama grili."

"Hiyo sasa naielewa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nilimwona akicheka kwa macho.

Kisha akauliza lile swali lenyewe, akimtazama Baba badala yangu. "Watanikata mguu?"

Ningependa kuandika kwamba nilimhakikishia. Sikumhakikishia. Nilimwambia sijui, daktari ndiye atakayeuchunguza, lakini ninachojua ni kwamba kinachomkaribisha kwenye kukatwa ni kukaa na chuma kilichojaa vijidudu, na kutolewa chuma ni kujaribu kuukwepa msumeno. Nikamwambia na habari ya wiki hii, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Tulichukua mifupa ya sungura waliotolewa chuma, wakasafishwa na kuwekewa dawa yetu mle mle ndani ya mfupa, tukaisaga na kuiweka kwenye sahani tuone kama vijidudu vitaota. Kwenye sahani kadhaa hakuna kilichoota. Nilizishika zile sahani nikazigeuza kwenye mwanga, safi kabisa, nikamwita mkuu wetu, naye akasema tu, "Sungura si mtu, Nasimiyu, tusitangaze." Lakini yeye pia alizigeuza kwenye mwanga, tena zaidi ya mara moja.

"Ngoja kwanza," Wafula akasema. "Mmesaga mfupa? Huo mfupa mliutoaje?"

Nilijua swali hilo lingekuja siku moja. Nimeligeuza mzaha miaka yote, mbele ya Mama, mbele ya yule mama wa kwaya, hata humu.

Nikawaambia ukweli. Mwisho wa utafiti kila sungura hulazwa kwa dawa, usingizi ambao haamki, kwa sababu ndani ya mfupa hakujulikani mpaka ufunguliwe.

"Wote?" Mama akauliza.

"Wote, Mama."

"Hata waliopona?"

"Hao hasa. Ndio tunaotaka kujua kama wamepona kweli."

Nikalia hapo hapo mezani. Sijawahi kulia kwa ajili yao mbele ya mtu. Dandora na Umoja walikwenda wiki mbili zilizopita. Nilimshika Umoja mimi mwenyewe mpaka mwisho ili asishikwe na mkono asioujua. Nilitarajia Mama aseme ni wanyama tu. Hakusema. Wafula aliinuka, mguu ule ule, akaja upande wangu akaniwekea mkono begani.

"Pole, siz," akasema. "Hukuwahi kusema."

Hukuwahi kusema! Yeye ananiambia mimi. Nilicheka huku kamasi zikinitoka, na Baba akanipa kitambaa chake cha kanisani.

Kisha Wafula akasema basi, wakitoe hicho chuma. Tumepanga hivi: Jumatano ni siku ya kliniki, na tutakwenda wote watatu, Wafula, Baba na mimi. Wafula amenipa amri kwamba akianza kumwambia daktari yuko fiti nimfinye. Nitamfinya kwa moyo wote. Hatameza tena vidonge vya kujinunulia, na nimeandaa bendeji safi za kutosha mpaka siku hiyo.

Naogopa bado. Mfupa ule umekaa na vijidudu muda mrefu, na huenda daktari akatuambia jambo tusilopenda. Lakini wiki iliyopita nilikuwa na ndugu anayedai haumwi, huku mguu wake unaoza. Leo nina mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa. Nimefurahi, sioni haya kusema.

Kabla hawajaondoka Mama alisema tusimame tuombe. Kwetu maombi ya Mama huwa marefu, na mimi huwa nasikiliza sufuria jikoni. Leo nilisikiliza. Aliomba kwa ajili ya mikono ya madaktari na akili zao. Aliuombea mguu wa Wafula kwa jina, kuanzia gotini hadi unyayoni. Kisha akanyamaza, nikadhani amemaliza, nikafumbua macho. Yake yalikuwa bado yamefumbwa.

"Na wale sungura, Bwana," akasema, "wewe ndiwe uliyewaumba. Tunakushukuru kwa ajili yao."

Hakuna aliyecheka. Wafula ndiye aliyetangulia kusema Amina.